Je, Wajua? Kwa Nini Kanisa Lilijengwa Oregon Kabla ya Padri Kufika

Mwaka 1836, katika bonde la mto Willamette, Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani ya leo, wakulima walikata magogo wakajenga kanisa Katoliki. Padri hakuwepo, na aliyeombwa alikuwa bado hajapatikana. Walijenga wakitegemea nini?

Wengi wao walikuwa Wakanada wenye asili ya Ufaransa, waliokuwa wapiga makasia na wawindaji wa Kampuni ya Hudson's Bay iliyofanya biashara ya ngozi za manyoya. Mkataba ukiisha, kampuni ilitaka mfanyakazi arudishwe Kanada. Lakini wengi walikuwa wameoa wanawake wenyeji na kuzaa nao, na hawakuwa tayari kuziacha familia zao. John McLoughlin, mkuu wa kampuni katika eneo lile, alitafuta njia: aliacha majina yao kwenye daftari la kampuni kana kwamba bado wako kazini, akawakopesha mbegu za ngano. Tusisahau pia kwamba ardhi ile ilikuwa ya Wakalapuya, ambao wengi wao walikuwa wamekufa kwa homa kali mwanzoni mwa miaka ya 1830.

Watoto walikuwa wanakua bila ubatizo na ndoa hazijafungwa kanisani. Jambo hilo liliwauma wazee hawa. Mwaka 1834, na tena 1835, walimwandikia Askofu Joseph-Norbert Provencher huko Red River, ng'ambo ya pili ya milima ya Rocky, wakiomba padri. Kanisa la magogo liliipa nguvu barua yao, kwani askofu angejua kuwa waumini wamejipanga.

Kilichochelewesha mambo ni siasa. Uingereza na Marekani zote zilidai eneo hilo, na kampuni, iliyokuwa ya Waingereza, iliona upande wa kusini wa mto Columbia utaishia mikononi mwa Wamarekani. Haikutaka kuimarisha makazi huko. Ilikubali kuwasafirisha mapadre kwa sharti kwamba kituo chao kiwe kaskazini, Cowlitz. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1839.

Padri François Norbert Blanchet aliondoka Kanada ya mashariki Mei 1838, akaungana na Padri Modeste Demers kule Red River. Walisafiri na msafara wa kampuni kwa mitumbwi, farasi na mashua. Katika mto Columbia mashua moja ilizama, watu 12 wakafa maji, watoto wakiwemo. Mapadre walifika Fort Vancouver, ngome ya kampuni kando ya mto huo, tarehe 24 Novemba 1838, na tarehe 6 Januari 1839 Blanchet akaadhimisha Misa ndani ya kanisa lile la magogo.

Kazi ngumu ilianza hapo. Kabla ya kufunga ndoa, wake walipaswa kufundishwa imani na kubatizwa, nao walitoka makabila mbalimbali yenye lugha tofauti. Demers alijifunza upesi Kichinook cha biashara, lugha ya mchanganyiko iliyowaunganisha watu wa eneo hilo, akatafsiri sala na nyimbo. Naona mafanikio ya misheni yalitegemea zaidi wanawake hao kuliko waume walioandika barua.

Mwaka huohuo, akiwa Cowlitz, Blanchet alibuni njia ya kufundisha bila maandishi. Alichukua kipande cha mti akakichonga alama 40 za karne zilizotangulia kuzaliwa kwa Kristo, nukta 33 na msalaba kwa miaka ya Yesu duniani, kisha alama 18 na nukta 39 kufikia mwaka ule wa 1839. Mwenyeji aliyeelezwa aliweza kwenda nacho kijijini na kuwasimulia wenzake. Baadaye kikachorwa kwenye karatasi na kuongezewa picha, kikaitwa Ngazi ya Katoliki, Waprotestanti wakionyeshwa kama tawi lililochepuka njiani. Wamisionari Waprotestanti Henry na Eliza Spalding walijibu kwa kuchora ngazi yao wenyewe, na humo aliyepotea njia ni Papa.