Kliniki ya kisukari sio mahakamani, njoo useme ukweli

Wagonjwa wengi wanadhani hatujui. Siku 3 kabla ya kliniki soda inaachwa, ugali unakuwa kijipande, asubuhi kidole kinatobolewa mashine inasoma 6, anacheka na sista, anaandikiwa dawa zilezile anarudi zake Igoma. Sasa kuna kipimo kinaitwa HbA1c, kile kinasoma sukari iliyojishika kwenye damu kwa miezi 2 hadi 3 nyuma, hakihongwi na diet ya siku 3.

Ila nisiwaseme nyie tu, na sisi wataalamu tuna yetu, kubwa ni ukali. Mama katoka Ukerewe na meli, kakaa benchi masaa, anaingia ndani salamu yenyewe "wewe umekula nini wewe?" Hapo ukweli utoke wapi?

Kuna baba mmoja mvuvi wa dagaa, kila akija analalamika jasho na kutetemeka, na mara 2 mkewe alishindwa kumwamsha mchana, majirani wakaanza mambo ya kurogwa. Daftari lake safi kabisa, glibenklamaidi asubuhi, na kweli anameza. Siku moja nikamwambia baba hebu nisimulie siku yako inaendaje. Akasema dokta, kipindi cha giza mi usiku niko ziwani na taa, saa 1 asubuhi tumeshusha mzigo mwaloni, nameza kidonge kama mlivyosema, nalala mpaka saa 9. Yaani dawa inayokamua insulini kutoka kongosho, halafu tumbo tupu masaa 8, sukari lazima ishuke kupita kiasi! Alikuwa anatutii, na kututii ndio kulikuwa kunamwangusha. Tukaihamishia dawa kwenye mlo wake mkubwa, basi.

Na mkewe tukamfundisha, mashine ikisoma chini ya 4 na mtu bado anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, akipata nafuu ale chakula kabisa maana hiyo dawa inakaa sana mwilini. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwahiyo semeni. Kama metformini, kile kidonge kingine cha kisukari, inakuharisha sema, mara nyingi kuimeza na chakula kunasaidia. Kama unagawa kidonge nusu sababu hela hakuna, sema. Mitishamba ibebe na chupa yake tuione. Wababa na lile la chumbani pia, tumelizoea, kisukari ndio zake.

Mama mwingine aliona aibu kusema hana friji, insulini akamwekesha jirani kwenye friza la sangara. Ikaganda. Insulini ikishaganda imeharibika hata ukiiyeyusha, akawa anachoma tu bure na sisi tunamwongezea dozi! Angesema mapema tungemwambia chupa iliyofunguliwa inavumilia kama wiki 4 nje ya friji, kivulini, ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa maji, mradi chupa yenyewe isilowe.