Jibu limetoka sawa, lakini linaingia akilini?

Mimi nafundisha hesabu hapa Nairobi na siku hizi siwaambii watoto "angalia kazi yako tena", manake akiambiwa hivyo anapitia njia ileile, hatua zilezile, na kosa liko palepale linamngoja, anaweka tiki anageuza karatasi.

Mie nataka wakadirie KABLA ya kuanza kupiga hesabu yenyewe. Swali ni 38 mara 52? Andika pembeni 40 mara 50, yaani 2,000 hivi, halafu sasa piga hesabu. Ukipata 266 unajua hapohapo kuna kitu, na kwa kawaida ni ule mstari wa pili ulisahau kuusogeza, ukajumlisha 76 na 190. Ukingoja jibu litoke ndio ukadirie, ah, utajipata unavuta makadirio yafuate jibu.

Makosa madogo nayo yanapita. 1,986 pia iko karibu na 2,000, si ndio? Hapo kuna ile mbinu ya zamani ya kutoa tisa, unajumlisha tarakimu hadi ibaki moja: tarakimu za 38 zikijumlishwa ni 11, tena 1 na 1 ni 2, za 52 ni 7, 2 mara 7 ni 14, yaani 5. Jibu nalo lazima litoe 5. 1,986 inatoa 24, yaani 6, imekataa. 1,976 inatoa 23, yaani 5, twende. (Ukipindua tarakimu uandike 1,796 haitakushtua, kwa hivyo usiiamini sana.)

Halafu kuna wanafunzi 75, matatu za watu 14, zinahitajika ngapi? Mtu anaandika 5.36. Hiyo .36 inapita Thika Road vipi? Na wewe wa 5 umeacha watoto watano steji.

Lakini inayoniuma ni VAT. Risiti ni 2,320 pamoja na VAT ya 16%, bei ya kabla ni ngapi? Wengi, hata watu wazima wenye duka, wanatoa 16% ya 2,320 wanabaki na 1,948.80, na inakaa poa kabisa, makadirio yataipitisha. Sasa irudishe: 16% ya hiyo ni kama 312, jumlisha upate 2,260 na kitu. Karibu shilingi 60 hazionekani, manake ile 16% ilipigwa juu ya bei ya kabla, si juu ya jumla. Gawa 2,320 kwa 1.16, ni 2,000 kamili, na 16% ya 2,000 ni 320.