Maana ya uchungu wa kuachia kazi

Uchungu wa kuachia kazi ni hali ya moyo inayompata msanii au mwandishi anapoikabidhi kwa hadhira kazi aliyoichota katika maisha yake mwenyewe, kama vile msiba wa nyumbani, ugonjwa au ndoa iliyovunjika. Neno uchungu linafaa hapa, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa mzazi aliye leba na kwa mfiwa pia, na mwenye kuachia kazi ya namna hii huwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Wengi huichanganya hali hii na hofu ya wahakiki. Hofu hiyo ipo, lakini kwa kawaida hupungua tahakiki zikishatoka. Uchungu una mzizi mwingine: msomaji hupima ufundi, ilhali mwandishi huona kama anayepimwa ni marehemu wake, tena kazi ile, ambayo kwa miezi au miaka ilikuwa ndiyo njia yake ya kukaa na aliyempoteza, imekwisha kumtoka mikononi. Ndiyo maana hata sifa tele huenda zisimtulize, jambo linalowashangaza jamaa zake na pengine kuwaudhi.

Mfano ulio wazi ni wa Virginia Woolf wa Uingereza. Mama yake, Julia Stephen, alifariki tarehe 5 Mei 1895, Virginia akiwa na umri wa miaka 13. Riwaya yake To the Lighthouse, ambamo wazazi wake wamechorwa kwa majina mengine, ilitoka tarehe 5 Mei 1927, siku ileile ya kifo, na mchapishaji alikuwa Hogarth Press, yaani yeye mwenyewe na mumewe Leonard. Leonard alikwisha kuisifu. Lakini aliyeweza kusema kama mama yule wa kitabuni ndiye mama yao, au siye, alikuwa Vanessa, dada yake Virginia. Siku chache baadaye Vanessa alimwandikia kwamba mama yao alikuwa kama amefufuliwa, na kwamba kumwona hivyo kulikaribia kumuumiza.

Zaidi ya miaka 10 baadaye, katika kumbukumbu zake, Woolf alieleza kwamba hadi umri wa miaka 44 alikuwa akiisikia sauti ya mama yake, na kwamba alipomaliza kuiandika riwaya hiyo, sauti ilinyamaza. Yaonekana alipata nafuu; lakini papo hapo anauliza kwa nini, kwa sababu tu ya kumweleza mama kitabuni, sura yake imefifia kiasi kile.