Je, wajua kwa nini seli ya ini yenye njaa huacha kuitii maikroRNA?

Seli za ini lako zimejaa kipande cha RNA (molekuli iliyo jamaa ya DNA) chenye herufi 22 hivi tu, kiitwacho miR-122. Ni mojawapo ya maikroRNA. Kazi yake ni kunyamazisha. Kikiwa kimebebwa na protini ya Argonauti, hupekua RNA mjumbe, zile nakala za jeni zinazopelekwa kwenye ribosomu, viwanda vya protini vya seli. Kikikuta mkiani mwa RNA mjumbe herufi zinazooana na zake hujibandika hapo, na ujumbe ule hausomwi tena.

Ujumbe mmoja unaozibwa mdomo hivyo ni wa CAT-1, protini iliyo mlango wa kuingizia baadhi ya amino asidi, matofali ya kujengea protini, kwenye seli. Siku za shibe mlango huo hauhitajiki sana.

Mwaka 2006 watafiti mjini Basel, Uswisi, walizinyima amino asidi seli za saratani ya ini zilizooteshwa maabara. miR-122 ilikuwepo, na ujumbe wa CAT-1 ulikuwepo. Mtu angedhani kimya kitaendelea, lakini haukupita muda mrefu CAT-1 ikaanza kutengenezwa kwa wingi.

Aliyefungua mlango ni HuR, protini inayoshika RNA. Seli ikishiba, HuR hushinda ndani ya kiini. Njaa ikibisha hodi hutoka nje na kuushika ujumbe wa CAT-1 mkiani, penye herufi A na U nyingi. Hapo ujumbe uliokuwa umewekwa kando hurudi kwenye ribosomu. Wala HuR haigombei kiti cha miR-122: hukaa pembeni yake, kisha, kama ilivyoonekana baadaye, hujipanga moja baada ya nyingine juu ya RNA mpaka Argonauti ing'oke. Kwa seli ni nafuu kubwa, maana nakala ya zamani inatumika tena na hakuna kungoja jeni inakiliwe upya.

Usiione HuR kuwa adui wa maikroRNA, lakini. Kwenye ujumbe wa jeni ya c-Myc, hiyohiyo huisaidia maikroRNA nyingine, let-7, kunyamazisha.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha p27, protini iliyo breki ya kugawanyika kwa seli. Seli iliyotulia inaweza kuwa na maikroRNA za miR-221 na miR-222 tele, na bado p27 ikatengenezwa kama kawaida, kwa sababu mkia wa ujumbe wake umejikunja na kuficha pale pa kubandikwa. Seli ikipata ishara ya kukua, protini nyingine inayoshika RNA, Pumilio 1, huushika mkia huo na mkunjo hufunguka. MaikroRNA zilizokuwa zikizurura bila kazi hupata pa kutua, p27 hupungua, na seli huanza kugawanyika. Ukizihesabu maikroRNA peke yake kwenye seli hiyo, kabla na baada, huenda usione kilichobadilika.