Ramani ya zamani ya Rufiji haijakosewa jamani

Wengi wakifungua ramani ya zamani ya bonde la Rufiji, zile za 1:50,000 ambazo sentimita 2 ni kilomita 1, wanasema imekosewa, eti nyumba zimechorwa bondeni kabisa, nani akajenge kwenye mafuriko? Hapana! Watu waliishi kule kule, wanalala kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maji yakishuka wanapanda mlau, yaani mazao ya kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko, ni akili kubwa sana ile. Baada ya mafuriko ya 1968 ndo serikali ikawahamishia vijiji vya ujamaa huko juu. Na mto wenyewe unahama mkondo. Kwahiyo kabla hujalaumu mchoraji soma pale pembeni mwaka zilipopigwa picha za ndege zilizotumika kuchora ramani, sio mwaka wa kuichapa.