Je, wajua kwa nini mpiga eksirei huugeuzageuza mkono uliovunjika?

Umeanguka na bodaboda, mkono umevimba, hutaki hata upepo uuguse. Unaingia chumba cha eksirei na unaambiwa: "Nyoosha mkono, kiganja juu." Picha inapigwa. Unadhani yamekwisha, kumbe bado: "Sasa kunja kiwiko, dole gumba litazame dari." Wengi hutoka mle wakinung'unika kwamba picha moja ingetosha.

Haitoshi, kwa sababu picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hutoka kwenye tyubu iliyo kama mita moja juu ya mkono, hupenya nyama kwa urahisi, huzuiwa na mfupa, na inayofanikiwa kupita ndiyo inayochora picha kwenye kaseti, yaani bamba la kunasia picha, iliyo chini. Kila kilichokuwa njiani hulaliana pamoja, cha mbele juu ya cha nyuma. Vipande viwili vya mfupa vilivyopishana mbele na nyuma vinaweza kuonekana vimenyooka safi ukivipiga kwa mbele, na upishano ukajitokeza pale tu unapovipiga kwa ubavu. Ndiyo maana mwanafunzi wa radiografia hufundishwa mapema kabisa kwamba kiungo kilichoumia hupigwa picha mbili, ya pili ikikata ya kwanza kwa nyuzi 90.

Lakini kwa nini kiganja kitazame juu? Jaribu hapo ulipo, kama mikono yako ni mizima. Shika kigasha cha kushoto, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kwa mkono wa kulia, karibu na kifundo. Kiganja kikiwa juu, mifupa yako miwili imelala sambamba. Geuza kiganja chini taratibu: utausikia mfupa wa upande wa dole gumba ukijiviringisha kumvuka mwenzake, ambao karibu hausogei. Ukipiga picha hapo, mifupa imepandana na ufa unaweza kujificha kwenye makutano. Kiganja juu, kila mfupa unabaki na nafasi yake.

Jambo la pili linalowashangaza wagonjwa: "Naumwa katikati ya kigasha, mbona mnapiga mpaka kiwiko na kifundo?" Hapa kuna kisa kizuri. Mwaka 1814, miaka 81 kabla Wilhelm Röntgen hajaigundua mionzi hii huko Würzburg, Ujerumani, daktari wa upasuaji wa Milan aitwaye Giovanni Battista Monteggia alieleza jeraha la ajabu: mfupa wa upande wa kidole cha mwisho umevunjika, na papo hapo kichwa cha mfupa mwenzake kimeteguka kwenye kiwiko. Hakuwa na picha yoyote ya kumsaidia. Mwaka 1934 Mwitaliano mwingine, Riccardo Galeazzi, aliandika kuhusu kinyume chake: mfupa wa upande wa dole gumba umevunjika, na kiungo kilichoachana kiko kifundoni. Mifupa hii miwili imefungwa pamoja juu na chini, hivyo mmoja ukivunjika na kufupika, mara nyingi lazima kitu kiachie mahali fulani. Mpiga picha akiishia katikati, mgonjwa atafungwa hogo (plasta ngumu) kwa mvunjiko unaoonekana, huku uteguko ukibaki bila tiba. Kwa mtoto, uteguko wa kiwiko uliosahaulika hivyo unaweza kumwachia mkono usiogeuka vizuri maishani.

Picha ya ubavu nayo ina masharti yake. Bega, kiwiko na kifundo vinatakiwa viwe usawa mmoja. Mgonjwa akikaa juu ya kiti kirefu bega linapanda, mfupa wa juu wa mkono unainama, na kiwiko kinatoka kwenye picha kimepinda hata kama ni kizima. Dawa yake ni kiti kifupi au kuipandisha meza; kuukandamiza mkono wa mtu si dawa.

Bega ndilo linalowatoa wanafunzi jasho. Kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa mkono hakitazami ubavuni moja kwa moja. Kimeelekea mbele kidogo. Ukimsimamisha mgonjwa ameegemeza mgongo wote kwenye kaseti, kichwa na kikombe vinapandana, na nafasi kati yao haionekani. Kwa hiyo hugeuzwa mwili mzima nyuzi 35 hadi 45 kuelekea bega linalouma, mkao unaoitwa kwa jina la Mjerumani Rudolf Grashey. Angalia vizuri: kilichogeuzwa ni kiwiliwili. Mkono haukuguswa.

Mabega mengi yanayoteguka hutoka kwa mbele, na hayo hata jicho la kawaida huyatambua. Hatari ni yale machache yanayotoka kwa nyuma, hasa baada ya degedege la kifafa au kupigwa na shoti ya umeme, misuli inapojikaza yote kwa mpigo mmoja. Picha ya mbele huonyesha bega linalokaribia kuwa la kawaida, ila kichwa cha mfupa kimekuwa mviringo mno, mithili ya balbu ya taa. Mwenye haraka hupitwa. Ndipo inapohitajika picha ambayo kombe la mkono, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, hujichora umbo la herufi Y: kichwa kikikaa kwenye njia panda ya herufi hiyo, salama, kikiangukia upande wa mbavu, kimetoka mbele, kikiangukia upande wa pili, kimetoka nyuma.

Picha nyingine ya bega hupigwa kupitia kwapani. Na asiyeweza kabisa kuinua mkono ili apigwe hivyo? Anaachwa na tanji lake, kitambaa kinachoubeba mkono, shingoni, anaegemea nyuma nyuzi 30 hivi juu ya meza yenye kaseti, na mionzi inashuka kutoka juu ya bega. Kwa maoni yangu, hapa ndipo unapomjua aliyefundwa: anahamisha tyubu, kaseti na kiti kabla ya kumhamisha mwenye maumivu.

Mikao yote hii wanafunzi hujifunza kwa kupangana wao kwa wao mezani, mashine ikiwa haitoi mionzi, maana hairuhusiwi kumpiga mtu eksirei kwa mazoezi tu. Si kwamba kiasi ni kikubwa. Picha ya kigasha humpa mgonjwa mionzi pungufu ya ile anayoipata kila siku kutoka ardhini, hewani na angani. Anayejificha nyuma ya ukuta wakati wa kupiga anafanya hivyo kwa sababu yeye yumo humo kutwa, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Kwa hiyo ukifika na bega linalouma baada ya kuanguka kifafa au kurushwa na umeme, liseme hilo mlangoni kabla hujapangwa, hata kama hujaulizwa. Linabadilisha picha zitakazopigwa.