Usilivute Kwanza: Kukwamua Magurudumu ya Trekta Lililoshikwa na Kutu

Mvua zikikaribia, simu ninazopigiwa hufanana. Mtu amenunua au amerithi Massey Ferguson 135 lililokaa chini ya mti miaka kadhaa. Injini ameifufua na moshi unatoka vizuri, lakini akitia gia na kuachia klachi, trekta linazima palepale. Magurudumu ya nyuma hayazunguki. Anachotaka kujua ni kama amwite jirani mwenye trekta kubwa waje na mnyororo walivute.

Jibu langu ni hapana, kila mara. Ukivuta, kitu kitaachia kweli, ila si wewe utakayechagua kitu hicho. Lainingi ya breki, ile bitana inayosugua ili kusimamisha gurudumu, inaweza kubanduka na kujikunja ndani ya dramu, kile kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu, na hapo gurudumu linafunga kuliko mwanzo. Tairi lililokauka linaweza kuteleza juu ya rimu likang'oa valvu ya tyubu. Beringi yenye kutu inaburuzwa badala ya kuzunguka, inakwaruza mahali inapokalia, na ekseli ya trekta hili si kitu cha kununua kila siku: uzalishaji wake kule Coventry, Uingereza, ulianza 1964 na kukoma miaka ya sabini. Vipuri vipo, lakini vya bei rahisi vingi havidumu.

Kwanza tujue ni nini hasa kilichoshika. Trekta hili lina uzito wa karibu tani moja na nusu, na ekseli yake ya mbele imeshikiliwa katikati kwa pini moja ili iweze kucheza shambani. Maana yake ukiinua nyuma kwa jeki, mwili mzima unaweza kulalia upande hata kama magurudumu ya mbele yamekaa sawasawa chini. Kwa hiyo kabla ya jeki, pigilia kabari za mbao pande zote mbili, kati ya ekseli ya mbele na chuma kinachoibeba. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukishainua, egemeza trekta kwenye magogo mazito ya mbao. Usitumie matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa ishara. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kuachia mzigo.

Weka gia huru, na usisahau ule mkono wa pili wa kasi ya chini na ya juu, nao uwe katikati. Inua upande mmoja na ujaribu kuzungusha gurudumu kwa mikono. Gurudumu lisilo na shida huzunguka kwa uzito kidogo kwa sababu linazungusha gia za ndani pamoja nalo. Likikataa, inua na upande wa pili, kisha jaribu tena. Ukisukuma moja mbele, lingine likarudi nyuma, breki zako hazijashika. Tatizo liko katikati, kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) au giaboksi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Upande mmoja ukizunguka na mwingine ukigoma, umeshajua pa kwenda. Na kama yote mawili yamegoma, breki za pande zote mbili ndizo za kushukiwa kwanza.

Mara nyingi ni breki kweli. Kwenye 135 breki ni za dramu, na ni kavu, haziogi kwenye oili. Mtu anaegesha trekta, anakanyaga pedali na kuzifunga kwa kile kikulabu cha paki, anaondoka. Breki shuu zinabaki zimeikumbatia dramu ya chuma cha kusubu msimu mzima wa mvua. Lainingi inanyonya unyevu, dramu inaota kutu, na kutu haibaki na ukubwa wa chuma ilichokila: inavimba zaidi ya mara mbili. Ile nafasi nyembamba kama karatasi inajaa ikabana.

Fungua kikulabu, legeza breki kwenye marekebisho yake mpaka mwisho, kisha ingia nyuma ya tairi na uigonge dramu kuizunguka kwa nyundo ya shaba, au kwa nyundo ya kawaida ukiwa umeweka kipande cha mbao katikati. Gonga kwa wastani, mara nyingi, mahali tofautitofauti. Chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Baada ya hapo lisukume gurudumu mbele na nyuma kidogokidogo, msaidizi wako akishika juu ya tairi na wewe ukishika chini. Hapa ndipo wengi humwaga dizeli au oili ndani ya dramu. Tafadhali usifanye hivyo. Lainingi iliyonyonya oili haishiki tena, na trekta lisiloshika breki kwenye mteremko na tela la mahindi nyuma yake linaua.

Hata likiachia, gurudumu litoke. Lazima dramu ifunguliwe na ndani pasafishwe, na hapo tunakutana na nati.

Chukua brashi ya waya kwanza. Sugua nyuzi zote zinazoonekana mpaka zing'ae, maana uchafu ulio mbele ya nati ndio utakaoibana inapotoka. Nati za trekta hili ni za vipimo vya inchi. Soketi ya milimita inayokaribiana nayo itaingia, utadhani imefaa, na ukitia nguvu itakula pembe. Tumia soketi ya pembe sita yenye saizi yake halisi. Paka kilainishi cha kupenya; mimi huchanganya oili ya giaboksi za otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nikitikisa chupa kila ninapopaka kwa kuwa hujitenga. Paka jioni, rudia asubuhi. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo kabla ya kuweka soketi, na mzunguko wa kwanza uwe wa kukaza, kidogo tu. Ukisikia kutu imeachia, rudi upande wa kufungua, robo mzunguko, kisha kaza tena kidogo, paka tena. Sauti ya nati inayofunguka ni mlio mfupi mkavu. Ile inayotaka kukata stadi, yaani bolti yenye nyuzi inayoshika nati, haitoi mlio; inakwenda laini, kama inateleza, na ukihisi hivyo simama mara moja.

Nati ikikataa kabisa, kuna moto. Nati yenye upana wa milimita 24, ukiipasha joto likapanda kwa nyuzi 300, inatanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo mno kuona kwa jicho, lakini inatosha kuvunja gamba la kutu. Pasha nati yenyewe, si stadi, iache ipoe kiasi, kisha fungua.

Lakini moto usikaribie gurudumu lenye tairi. Naandika hili kwa uzito wote. Kupasha au kuchomelea rimu tairi likiwa juu yake kunachemsha mpira kwa ndani. Unatoa gesi inayoweza kuwaka ndani ya nafasi iliyofungwa, na tairi linalipuka kwa nguvu ya kuua mtu aliyesimama kando. Kutoa upepo hakuondoi hatari hiyo, na mlipuko unaweza kuja muda baada ya moto kuzimwa. Kama ni lazima upashe, tairi livuliwe kwenye rimu kwanza, na ile asetoni uliyopaka iwe imekauka, chupa yake iko mbali. Kama huwezi kuvua tairi, kata nati kwa tindo na nyundo. Nati mpya ni bei ya soda chache.

Nati zote zikishalegea, usizitoe. Ziache zimeshika nyuzi kadhaa, shusha trekta chini, ulitikise huku na huku. Uzito wake wenyewe utabandua gurudumu kwenye habu (kitovu linapofungwa), kazi ambayo nyundo ingeifanya siku nzima. Likiachia, inua tena, egemeza, ndipo utoe nati. Tafuta watu wa kusaidia: tairi la 12.4-28 lililojazwa maji robo tatu lina zaidi ya lita 100 ndani yake, na likikuangukia huwezi kulizuia.

Dramu yenyewe imeshikwa na skrubu mbili. Bisibisi ya kupigwa kwa nyundo ndiyo inayozifungua. Ya kawaida itaharibu vichwa. Ukiivua, usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Lainingi nyingi za enzi hizo zina asibesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa bado kibichi. Kisha angalia kama oili inavuja kutoka kwenye ekseli. Ikivuja, badilisha sili kabla ya kuweka lainingi mpya, vinginevyo umetupa pesa.

Magurudumu ya mbele ni rahisi zaidi. Toa kifuniko cha grisi, kota pini na nati, vuta habu. Beringi zikiwa na vidoti vya kutu usizioshe ukazirudisha, nunua mpya.

Kwa kuwa gurudumu la nyuma liko chini, fungua na zile bolti zinazounganisha diski (bamba la katikati ya gurudumu) na rimu, hata kama huna shida nazo leo. Ndizo zinazokuwezesha kubadili upana wa magurudumu, kutoka inchi 48 hadi 76, kwa hatua za inchi 4. Wakulima wengi niliowafanyia kazi hawajawahi kuzigusa, kisha wanapalilia mahindi kwa jembe la mkono wakati trekta lipo. Mistari ya mahindi ikiwa sentimita 75, upana wa inchi 60 ni kama sentimita 152: kila gurudumu linapita katikati ya mistari, mahindi yanabaki yamesimama.

Wakati wa kurudisha, paka grisi nyembamba pale diski inapokutana na habu. Kaza nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia. Fanya kazi ya saa moja, simama, uzikaze zote tena, na kesho yake pia kabla ya kuwasha. Na siku ya kuegesha kwa muda mrefu, breki ziwe zimefunguliwa, mawe ndiyo yalizuie trekta.